Saundibaa ya Kariakoo na masikio ya baba: nyota nashindwa kuzihesabu

Nianze na winga, yule kijana wa kunadi na kuuza dukani, maana bila yeye nisingeandika kitu.

Tumeingia dukani Kariakoo mimi na baba, jua la saa 7 linawaka. Baba ana miaka 70 na kitu, kavaa kofia yake na koti la kutokea. Kijana hakumpa hata shikamoo. Nikamweleza kwamba mzee hayapati vizuri maneno ya kwenye TV, nataka kitu kitakachomwezesha kufuatilia taarifa ya habari. Akamtazama baba juu mpaka chini, kisha akanigeukia: "Dada, huyu si hasikii? Tuongee mimi na wewe." Na baba amesimama pale pale! Halafu akaunganisha simu yake na saundibaa, ile spika ndefu ya kukaa chini ya TV, akafungulia bongo fleva, mdundo ukatikisa vioo vya kabati. Akacheka: "Hii hata kiziwi anaisikia."

Nikanunua. Ndiyo, nikanunua, msinicheke. Shilingi 280,000, saundibaa na boksi lake la mdundo. Kwenye daladala baba akaniambia taratibu, "Kijana wa watu, hajafundishwa tu." Kumbe kila neno lilimfikia. Nilitamani nishuke nirudi.

Sasa mnielewe baba. Alifanya kazi miaka mingi kwenye korona huko Muheza, namaanisha mashine ya kukwangua majani ya mkonge yatoe nyuzi, si ule ugonjwa. Kelele zile kutwa nzima, masikioni bila kinga yoyote. Leo anasikia mlango ukigongwa, anasikia mvua kwenye bati, na nikimteta jikoni ananisikia vizuri sana. Kinachompita ni maneno. Daktari wa masikio alimpima akatuonyesha mstari kwenye karatasi: kwenye sauti nzito uko sawa, ukienda kwenye sauti nyembamba unaporomoka kama mteremko. Irabu anazipata. Zinazompotea ni s, f, sh, t, na hizo ndizo zinazolitofautisha neno na neno. Usiku mmoja mtangazaji kasema waziri amefika Kibiti, baba akaniuliza kwa nini waziri ameshika kiti.

Kifaa cha kuvaa sikioni alipewa. Kilipiga mluzi, akakiweka kwenye droo, na hiyo kesi tuiache.

Zamani, enzi za TV ya chogo, hatukuwa na shida kubwa hivi. Spika zake zilikuwa mbele, zinakutazama. Hii bapa spika zake ziko kwa nyuma. Baba alisema siku ya kwanza kabisa, "Haka kanasemea ukuta." Ndiyo maana nikaenda kutafuta saundibaa, na wazo lenyewe silijutii.

Lakini mtu anayekosa sauti nyembamba ukimwongezea besi, unaongeza maji kwenye mchuzi usio na chumvi. Usiku wa kwanza mtangazaji alisikika kama yumo ndani ya pipa. Baba alivumilia kidogo kwa heshima yangu, halafu likaingia tangazo la sabuni kwa kishindo, nikamwona anakunja uso na kuziba sikio. Watu hawalijui hili: sikio la mzee linakosa sauti ndogo, ila ikipanda ghafla linaumia kuliko lako. "Mama," akaniambia, "kelele zimekuwa nyingi, maneno ni yale yale."

Nikairudisha. Ukutani wamebandika: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Sawa, hilo nililiona tangu mwanzo. Lakini winga yule yule ananiambia nini? "Mashine nzima dada, mbovu ni mzee." Mbele ya wateja. Nilimjibu maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika na siyajutii. Mpaka leo nikipita mtaa ule natembea upande wa pili.

Hapo ningewaambia msinunue kabisa, na ningeishia hapo. Ila haki ni haki. Kama wiki moja baadaye alikuja mtoto wa jirani, yuko kidato cha nne, akaishika rimoti. Kumbe kuna kitufe kimeandikwa VOICE. Akakibonyeza, akashusha besi mpaka sifuri, akachomoa kabisa waya wa lile boksi. Sauti ikawa nyembamba, kavu kidogo, kama ya redio ndogo ya mbao. Mimi sikuipenda. Saa 2 usiku habari zikaanza, mimi niko jikoni, nasubiri kuitwa "kasema nini?" Kimya. Habari za kitaifa zikapita, za kimataifa zikapita. Nikatoka kuangalia kama kalala. Yuko macho, kaegemea mbele. "Huyu dada mpya? Anatamka vizuri." Dada huyo anasoma habari miaka nenda rudi!

Usiku ule moyoni nilitoa nyota 4, na ya tano niliizuia kwa ajili ya winga. Mtu anauza kitu chenye kitufe cha maneno, anaambiwa kabisa kwamba shida ni maneno, halafu anafungulia mdundo!

Kisha umeme ukakatika.

Uliporudi, saundibaa ilikuwa imesahau kila kitu. Imerudi kwenye MUSIC, besi juu, sauti 30. Nikarekebisha. Ukakatika tena kesho yake, ikasahau tena. Kila ukikatika! Mimi nashinda kazini, baba yuko peke yake na rimoti yenye vitufe vya mpira na maandishi ya Kiingereza madogo kama sisimizi. Jioni moja narudi, namkuta kakaa mbele ya TV haina sauti kabisa. Nikamuuliza. "Nimeona bora niangalie midomo."

Sijui kwa nini lile ndilo lililoniliza, na si matusi ya dukani.

Nikajaribu hedifoni za blutuzi. Zenyewe sauti safi, ila neno linachelewa, midomo inafunga ndipo linafika. Kwako wewe ni kero ndogo. Kwa mtu anayesaidiwa na midomo ni kuchanganyikiwa, akazivua. Mwishoni fundi redio wa mtaani kwetu, ambaye alianza na shikamoo, akamuuliza baba mwenyewe anapenda kukaa wapi. Akavuta waya mrefu kutoka tundu la hedifoni la TV, ukapita chini ya mkeka, akaweka spika ndogo ya shilingi 25,000 juu ya kigoda, kando ya bega lake. Sebule yetu sakafu ni saruji, sauti inadunda, na pangaboi linavuma juu. Spika ikiwa karibu, maneno yanamfikia kabla ya hayo yote kuyavuruga. Fundi akaingia kwenye TV akairuhusu itoe sauti kote kuwili, nasi wengine tunasikia. Sauti baba anaipandisha mwenyewe kwa kinobu cha kuzungusha, na umeme ukikatika kinobu kinabaki pale pale alipokiacha.

Kwa hiyo saundibaa: kwa nyumba yenye umeme wa uhakika na mtoto wa kidato cha nne, nyota 4, kweli kabisa, kile kitufe kinafanya kazi. Kwa baba yangu, 1. Naweka 2. Nikikumbuka "mbovu ni mzee" narudi kwenye 1. Acha iwe 2, mashine haikumtukana mtu.

Boksi la mdundo liko kona ya sebule, baba analiwekea kikombe cha kahawa. Mwenye ngoma ya kigodoro aje alichukue, bei tutaelewana, usafiri ni wake.