GParted: ya bure na haina papara, ila swap ilinitoa jasho

Jamani leo naisifia GParted, programu ya kugawa na kupanga upya diski, na kidogo nailalamikia. Siku naweka Linux niliipa patisheni (kipande cha diski) ya mfumo GB 20 tu nikijiona mjanja, yaliyobaki yote nikaipa /home, yani patisheni ya mafaili yangu, sasa juzi napiga apudeti naambiwa nafasi hakuna, wakati huko /home kweupe kabisa.

Ukiifungua ndani ya mfumo unaotumia utaona kialama cha ufunguo kwenye patisheni inayotumika, maana ext4 (mpangilio wa mafaili wa kawaida kwenye Linux) kuiongeza ukiwa umeikalia inawezekana ila kuipunguza lazima uishushe kwanza, yani isiwe inatumika. Basi nikachukua GParted Live, ile inayojiwasha yenyewe bila mfumo wako, nikaitupia kwenye fleshi, nikawasha mashine kutokea huko.

Kilichonikosha ni kwamba haikurupuki. Unavuta kile kiboksi kwa mausi, unakata, unasogeza, na kila ulichofanya kinajipanga chini kama foleni, diski yenyewe haijaguswa bado. Ukijistukia unafuta kimoja kimoja. Mpaka ubonyeze tiki ndo kazi inaanza, na hapo kama hukuweka bakapu shauri yako.

Sasa tabu. Patisheni inakua kwa kula nafasi iliyo jirani yake tu, na mimi nilikuwa na mfumo, halafu swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) katikati, halafu /home. Kwa hiyo /home ilibidi niikate upande wa kushoto, yani mwanzo wake uhame, na mwanzo ukihama data zote zinakopiwa upya kwenda sehemu nyingine. Ningekuwa nakata kulia ingekuwa fasta, hii nikaiacha usiku kucha chaja imechomekwa huku naomba umeme usikatike, maana ikizimika katikati hapo umeumia.

Swap nikaona isinisumbue, nikaifuta nikatengeneza nyingine. Asubuhi nawasha, mashine imetulia tu, kuna mstari unahesabu sekunde mpaka dakika 1 na sekunde 30 ndo ikaendelea. Nimekuna kichwa weee, kumbe swap mpya ina UUID (namba ya utambulisho) mpya na /etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kufunguliwa mashine ikiwaka, bado inaitafuta marehemu. Nikapiga blkid, amri inayoonyesha hizo namba, nikakopi ya swap mpya, nikabandika kwenye fstab, kwisha. Kosa langu hilo, siku hizi swap naweka kama faili tu, patisheni ya nini.

Wenye XFS (mpangilio mwingine wa mafaili) msijisumbue kupunguza, ile inaongezwa tu haipunguzwi, wala si kosa la GParted. Na wa LVM (mfumo wa kugawa diski kwa volyumu badala ya patisheni za kawaida), volyumu za ndani hamtazigusa humu, terminal inawahusu.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano ningeitoa kama ingenikumbusha tu lile la fstab kabla sijabonyeza tiki.