Vipande vya jeli vya kutuliza mvumo wa dramu: uzoefu wangu wa miezi minane

Ninapiga dramu kanisani kwetu, Tabata, Dar es Salaam, katika ukumbi wenye paa la bati na sakafu ya vigae, na kwa muda mrefu kilichonisumbua ni kile kilichobaki hewani baada ya pigo. Nikigonga tomu (ngoma ya seti isiyo na nyaya) ya inchi 12, sauti yake nene ilitoka vizuri, lakini nyuma yake ilifuata "ngiiii" nyembamba iliyoendelea hadi pigo jingine, huku nyaya za snea, ile ngoma yenye mlio mkali, zilizo chini yake zikitetemeka zenyewe kwa kuitikia. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba mlio huo unawapotezea sauti ya kwanza noti yao, na alikuwa na haki.

Nilianza na kipande cha kanga kilichokunjwa na kubandikwa kwa selotepu. Mvumo uliisha, ila ngoma nayo ikafa, ikawa kama ninagonga godoro. Ringo Starr alifunika ngoma zake kwa taulo za jikoni katika baadhi ya rekodi za mwisho za Beatles na zikapendeza sana, lakini studioni maikrofoni huwa karibu kabisa na ngoma. Sisi tunapiga tomu bila maikrofoni, na sauti inapaswa kumfikia mtu wa benchi la nyuma. Baadaye nilinunua vipande vya jeli vya bei nafuu, visivyo na jina la mtengenezaji, ambavyo kwa joto letu vililainika, vikaacha mafuta juu ya ngozi, na kimoja kikadondoka sakafuni katikati ya wimbo.

Ndipo ndugu yangu aliponiletea kutoka safarini kikasha cha jeli ya Moongel ya kampuni ya RTOM: vipande sita vya buluu, kila kimoja kinafunikwa na vidole viwili, na havihitaji gundi kwa sababu vinanata vyenyewe.

Kabla ya kubandika chochote nilichukua ufunguo wa dramu nikagonga ngozi karibu na kila skrubu, nikazikaza kwa kuvuka upande hadi upande. Kwenye tomu ya inchi 12, skrubu moja kati ya sita ilikuwa imelegea kabisa, na nilipoisawazisha na wenzake, sehemu kubwa ya mvumo iliondoka kabla jeli haijagusa ngoma. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona wapigaji wengi wakirundika vitu juu ya ngozi ambayo haijatyuniwa, na jeli haiwezi kurekebisha kosa hilo.

Ngozi (tunaiita hivyo ingawa siku hizi ni plastiki) haitoi sauti moja. Chini kuna mlio mkuu, na juu yake kuna milio mingine isiyopatana nao: kwa hesabu za utando uliovutwa sawasawa, mlio wa pili uko mara 1.59 ya ule wa kwanza, wakati kwenye uzi wa gitaa ungekuwa mara 2 kamili. Karibu na ukingo, mlio mkuu husogeza ngozi kidogo tu, ilhali ile ya juu huitikisa zaidi, ndiyo maana kipande kikiwekwa pembeni hukata "ngiiii" na kuacha unene. Mimi hukiweka vidole viwili kutoka kwenye ukingo, ninagonga, nasikiliza, kisha nakisogeza kidogo kidogo hadi mkia wa sauti ufupike bila pigo kupoteza uhai.

Tomu ya inchi 10 ilihitaji nusu kipande nilichokata kwa mkasi, na ile ya sakafuni ya inchi 16 ilihitaji viwili. Ngoma ya mguu haikubadilika kwa jeli. Humo nimeweka blanketi lililokunjwa. Kwenye snea nilibandika kimoja, halafu nikamwomba kijana mmoja apige huku nikienda benchi la kumi, na kule nyuma sikusikia mvumo wowote ule, kipande kikiwepo au kikiondolewa. Nimekitoa, kwa sababu anayekaa kwenye kiti cha dramu husikia mengi ambayo waumini hawayasikii.

Vumbi huvipunguzia unato, lakini nikiviosha kwa maji na sabuni na kuviacha vikauke bila kuvifuta kwa kitambaa, hunata upya. Baada ya miezi minane ninatumia vilevile, na baada ya ibada navirudisha kwenye kikasha chao.

Kilichobaki ni nyaya za snea, ambazo bado huitikia tomu ya inchi 10. Nimeushusha kidogo mlio wa tomu hiyo, mtetemo umepungua, na katika nyimbo za taratibu nisizopiga snea nazilegeza kabisa kwa swichi yake ya pembeni.