Gorila wa Bwindi ukitokea Mtwara: bei, njia na mahali pa kuwa macho

Huduma ninayoipima hapa ni ya wakala wa safari wa Kampala: kukata kibali cha kuwaona gorila wa msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, gari la kupokea wageni Kigali hadi Rushaga, upande mmoja wa msitu huo, na malazi. Naipa nyota tatu kati ya tano. Msituni nyota zote tano zilistahili. Mbili zimepotelea kwenye makaratasi.

Kibali ndicho kinachoamua kila kitu, kwa hiyo kisikatwe mwisho baada ya tiketi za ndege. Hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). Tangu Julai 2024 mgeni asiye mkazi hulipa dola 800, lakini raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, kiasi kisichofika hata dola 100. Makadirio ya kwanza niliyotumiwa yalikuwa na dola 800, kana kwamba pasipoti yangu ni ya Ulaya. Nilipohoji yakashuka, bila maelezo wala samahani. Ukiwa Mtanzania, tuma picha ya ukurasa wenye taarifa zako wa pasipoti kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, kisha dai mchanganuo: kibali peke yake, gari peke yake, malazi peke yake. Jumla moja iliyofungwa pamoja ndiyo inayoficha tofauti hiyo. Kibali kikija, linganisha jina na namba ya pasipoti herufi kwa herufi. Rwanda nako kuna bei ya wana-Jumuiya, ila iko juu kuliko ya Uganda, na mgeni wa kawaida kule hulipa dola 1,500.

Halafu angalia sekta. Bwindi ina nne: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali cha moja hakitumiki kwingine. Kwenye ramani zinaonekana majirani. Barabarani unazunguka milima kwa saa kadhaa. Hati yangu ya malazi iliandikwa "Bwindi" tu, ikabidi nidai jina la sekta kwa maandishi. Usione aibu kusumbua kwa hili. Kila familia ya gorila hupokea wageni wanane tu kwa siku, maelekezo huanza saa mbili asubuhi, na ukilala Buhoma huku kibali ni cha Rushaga, imekula kwako.

Rushaga inamfaa anayepitia Kigali, na ndiyo sekta yenye familia nyingi zaidi zilizozoeshwa watu. Kutoka Mtwara unaruka hadi Dar es Salaam, unaunganisha Kigali, kisha gari hadi mpaka wa Gatuna, Kabale, na hatimaye unaacha lami. Kupitia Entebbe inawezekana, ila jiandae kwa gari la kutwa nzima, saa nane hadi kumi. Njia ya Gatuna ina mtego wa saa: Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, Uganda iko sawa na sisi. Simu ikibaki na saa ya Kigali, kengele ya asubuhi itakuamsha wenzako wameshagawiwa familia.

Kipande ninachokiogopa zaidi ni Mtwara–Dar. Ndege ikiahirishwa, ya Kigali haikusubiri, kwa hiyo acha usiku mmoja mzima Dar katikati. Wa basi wasisahau Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Mtwara–Dar kule Somanga. Ndiyo maana mimi napendekeza Juni hadi Agosti: huku kwetu kumekauka, Bwindi nako mvua zimepungua. Januari na Februari kule ni pazuri pia, lakini upande wetu ndiyo msimu wa mvua wenyewe. Fedha za korosho zikiingia mwisho wa mwaka, lipia kibali cha Juni palepale, kabla hazijapata matumizi mengine.

Kitambulisho cha NIDA hakitoshi mpakani. Viza Mtanzania hahitaji. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi isiachwe kwenye begi la chini: Uganda wanaidai ukiingia, na Tanzania wanaweza kuidai ukirudi.

Mtu wa pwani atashtushwa na baridi. Rushaga ni milimani, asubuhi unahitaji sweta na koti la mvua hata kiangazi. Viatu viwe vya kufunika kifundo, vyenye meno, na vilivyokwisha kuvaliwa. Vipya vitakuchubua kwenye mteremko wa kwanza. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Chukua glavu nene za bustani, maana mkono hutafuta cha kushika na msitu umejaa majani yanayowasha. Mbebaji wa mizigo mchukue hata kama begi ni jepesi, kwa dola 15 hadi 20. Kazi yake hasa ni kukuvuta kwenye utelezi.

Mwenye mafua au kikohozi huzuiwa kuingia, na si kwa ukorofi. Gorila huambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa, na sensa zilizotangazwa 2018 na 2019 zilihesabu gorila wa milimani 1,063 tu kwa Virunga na Bwindi pamoja. Kwa hiyo mafua uliyoyaokota kwenye basi yanaweza kukunyima safari uliyokwisha kulipia kibali. Walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kabisa.

Kutembea kunaweza kuwa saa moja au kutwa, kutegemea familia imelala wapi. Mkikaribia, mabegi na fimbo vinaachwa nyuma, barakoa zinavaliwa, na saa moja inaanza kuhesabiwa. Zima mwanga wa kamera mapema. Dume la mgongo wa fedha akikusogelea, usikimbie: chuchumaa, angalia chini, mwache apite. Waongozaji walijua kazi. Mmoja alikuwa akikwanyua matawi taratibu kwa panga ili wa nyuma naye aone, huku akiguna kwa sauti ya chini ambayo gorila wameizoea.

Bahashishi ya waongozaji, wafuatiliaji na mbebaji itenge mapema kwa shilingi za Uganda, noti ndogo ndogo. Shilingi zetu usitegemee kuzibadilisha Rushaga. Geuza Kigali au Kabale. Dola ziwe noti mpya zisizo na mkunjo wala wino, zile za zamani hukataliwa.