Dawa za aleji za kununua kemisti hapa Nakuru, kuanzia ya kwanza mpaka ya kuachana nayo

Januari na Februari upepo ukianza kutembeza vumbi huku Nakuru, kila mtu anasema ako na homa. Lakini homa ya kawaida ndani ya wiki moja hivi imeanza kuisha, so kama wiki ya tatu bado unapiga chafya kila asubuhi, macho yanawasha, kamasi ni maji matupu na mwili hauna joto, hiyo ni aleji bana. Mvua ya Machi na Aprili ikituliza vumbi, nyasi nazo zinachanua na chavua inaanza. (Jacaranda za Milimani mnazionea tu, chavua yake hubebwa na nyuki, ya nyasi ndio hupeperushwa mpaka kwa pua yako.) Wenzetu wa Kisumu joto na unyevu wa ziwa unawapea ile ya mwaka mzima: ukungu kwa ukuta na wale wadudu wa vumbi, wadogo hata hawaonekani, wanaoishi kwa godoro na mto.

Nambari moja kwangu ni sprei ya pua yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), zile za Fluticasone, Mometasone ama Beclomethasone. Watu huikimbia kwa sababu ya bei na hilo neno steroidi. Bei kweli utaisikia, ni mia kadhaa na zingine zinapita elfu, lakini piga hesabu: chupa ya kawaida ya Fluticasone ina mipulizo 120, mtu mzima huanza na miwili kila tundu la pua mara moja kwa siku, hiyo ni minne, so umepata mwezi mzima. Na steroidi yenyewe ni kidogo, kazi yake inafanyia hapo hapo puani, si kama vidonge vinavyozunguka mwili wote. Kama shida yako kubwa ni pua kuziba usiku, hakuna kidonge kwa hii orodha kinaifikia, na chafya na kamasi pia inapunguza. Kitu inataka ni subira, nguvu yake kamili inaweza kuchukua hata wiki mbili, sasa mtu anapuliza siku mbili anasema ni feki anampea jirani (jamani, sprei ya pua haipeanwi). Inamisha kichwa mbele kidogo, elekeza chupa upande wa sikio, usielekeze ule ukuta wa katikati maana hapo ndio damu hutokea, halafu vuta hewa polepole, ukivuta kwa nguvu dawa yote inashuka kooni. Kama unajua vumbi lako huja Januari, anza katikati ya Desemba.

Ya pili ni Cetirizine, ama Loratadine, mg 10 mara moja kwa siku. Chafya, mwasho na kamasi ya maji zinaisha siku hiyo hiyo, na vidonge ni bei ya chini. Cetirizine hushika haraka kidogo lakini kuna watu inawalaza, hao wachukue Loratadine. Hapa usilipie jina kubwa, soma kiambato na mg kwa pakiti, kama ni sawa chukua ya bei nafuu. Fexofenadine naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu, vinginevyo kwa dereva ama mtu wa bodaboda ndio bora maana usingizi wake ni mdogo sana, ila uimeze na maji, juisi ya machungwa au tofaa inaizuia kuingia mwilini.

Piriton ni ya nne na najua mtanipiga. Ni shilingi chache, kila kemisti iko, na inafanya kazi kweli, lakini inaisha nguvu baada ya masaa manne mpaka sita na usingizi wake si wa mchezo, ukiimeza asubuhi halafu upande pikipiki kwenda Njoro unajitafutia. Usiku sawa.

Matone ya kufungua pua, Xylometazoline ama Oxymetazoline, yanafungua pua ndani ya dakika chache na ndio maana yanadanganya watu. Ukipitisha siku tano hivi pua inaanza kuziba yenyewe ikiyadai. Ukiwa na presha uliza famasia kwanza, na hata zile dawa za homa zilizochanganywa na Pseudoephedrine, uliza.

Ya mwisho kabisa, na hii usinunue: ile karatasi ndogo ya vidonge vya rangi rangi ambavyo hakuna anayekuambia majina. Uliza moja moja. Ukisikia Prednisolone au Dexamethasone, hizo ni steroidi za vidonge, za kuandikiwa na daktari. Utapona haraka ndio, lakini ukizoea kuzimeza kila msimu zinapandisha sukari na presha na kumaliza mifupa.

Macho pekee yakiwasha, kuna matone ya Sodium Cromoglicate, mara nne kwa siku, na chupa ikifunguliwa itupe baada ya wiki nne. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo waongee na famasia kabla ya yoyote kati ya hizi, na kama kifua kinabana ama unapumua kwa mluzi, pita kemisti uende hospitali.