Kumtafuta nyangumi: Kizimkazi au Pemba?

Nyangumi wenye nundu hupanda kila mwaka kutoka bahari baridi za kusini, na kwetu Zanzibar huonekana zaidi kati ya Julai na Oktoba, kusi, upepo wa kusini, likiwa bado linavuma.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ni rahisi: gari kutoka mjini, jioni umerudi nyumbani. Manahodha wanayajua maji, na hata nyangumi asipotokea, pomboo wapo. Lakini ncha ile ya kusini hulipokea kusi moja kwa moja. Nimerudi pale nimelowa mpaka kifuani. Kinachoniuma zaidi ni kuona boti tano zimemzingira pomboo mwenye mtoto, mashine zinanguruma, watu wanamrukia.

Pemba inataka meli mpaka bandari ya Mkoani, kulala, na pesa nyingi zaidi za mafuta. Ila upande wa magharibi kina kinashuka mamia ya mita karibu na kisiwa, na boti ni chache. Tulizima mashine, tukanyamaza. Pumzi ilisikika kabla ya mgongo kuonekana, nzito, kama ya mtu anayetua gunia. Kisha mkia, mweusi, ukichuruzika maji.

Mimi nachagua Pemba, mwezi wa nane, alfajiri kabla upepo haujachachamaa. Mwenye watoto wadogo aende Kizimkazi, akubaliane na nahodha mapema: kutazama kwa mbali, bila kufukuza.