Meza ya gemu ya watu wanne: fremu safi, mbao mbichi

Nianze na lililo jema kabla hasira haijapanda. Fremu ya meza hii ya kompyuta, niliyotengenezewa na duka la mbao, ni kazi ya fundi kweli. Ni meza ya watu wanne, wawili wawili wakitazamana, urefu sentimita 240, upana 150, na katikati pengo la sentimita 10 la kupitishia nyaya. Mbao nane za inchi mbili kwa nne, za futi 12, zilitosha fremu nzima: mbili za kingo ndefu, tatu za vipande vitano vya kukingama, kimoja kila sentimita 60, na tatu za miguu sita, kila mguu vipande viwili vilivyopakwa gundi na kubanwa kwa bolti. Mbao za fremu zote zimesimamishwa kwa ubavu. Ubao wa mbili kwa nne ukiusimamisha, ugumu wake ni mara nne ya ukiulaza, na bado kuna mafundi wanaulaza. Miguu miwili ya kati usikubali iachwe. Na kila kona ina mshazari, yaani ubao uliokatiza kona. Bila huo, mmoja akiichapa kibodi kwa nguvu, skrini za wenzake watatu zinacheza.

Kwa hiyo fremu, nyota tano.

Tatizo ni kwamba duka hili huuza mbao na kazi kwa pamoja. Juu ziliwekwa mbao kumi za mbili kwa sita, paini ya Mafinga kule Iringa, nikahakikishiwa ni kavu. Hazikuwa kavu! Skrubu ikizama, unyevu unachungulia pembeni ya tundu. Wiki chache ndani ya chumba chenye kompyuta nne zinazopuliza joto, kila ubao ukapungua upana karibu nusu sentimita. Mbao mbichi hazifupiki urefu kwa kiasi cha kuonekana, husinyaa upana. Basi mapengo yakafunguka kati ya ubao na ubao, na mausi inakwama humo.

Kusinyaa peke yake kungevumilika. Lakini kila ubao ulikazwa skrubu mbili kwenye kila kipande cha kukingama, kwenye matundu finyu. Ubao unataka kusinyaa, skrubu zinaukatalia, nyuzi zinaachana. Mbao nne zimepasuka kuanzia ncha. Moja imebinuka kama bakuli hadi mkono wa skrini haushiki tena ukingo. Dawa yake inajulikana: skrubu moja ikazwe katikati ya ubao, za pembeni zipite kwenye tundu refu lenye washa (kile kipete bapa cha chuma chini ya kichwa cha skrubu), mbao ipate pa kutembea.

Niliporudi dukani na picha, muuzaji hakuziangalia hata kidogo. "Bosi, mbao ni mbao. Kama unataka isiyopasuka, kanunue meza ya chuma." Wateja wengine wanasikia. Hakuuliza meza iko wapi, hakumwita fundi, akaendelea kuhesabu misumari ya mtu mwingine. Mbao ni mbao? Mbao ya kupaua inayokaukia juu ya nyumba na mbao ya samani si kitu kimoja, na anayeishi kwa kuuza mbao analijua hilo kuliko mimi.

Nilikuwa nimepanga nyota tatu kwa ajili ya fundi. Nikikumbuka ile sauti nashusha hadi moja, na fundi anisamehe, mkono wake haukukosea ila kwenye skrubu za juu.

Ukienda pale, mbao chagua mwenyewe. Inua mbili za kipimo kimoja; ile nzito zaidi mara nyingi ndiyo mbichi. Ukiwa na kipima unyevu, ikizidi asilimia 15 usiichukue kwa meza. Ukilazimika kuichukua, ipange kivulini, vijiti katikati ya kila safu upepo upite, miezi miwili mitatu, ndipo umwite fundi. Mimi sasa nimeng'oa mbao zote za juu na zimepangwa hivyohivyo ukutani, na fremu inasubiri ikiwa wazi.