Gwaii Haanas na Te Urewera: kusimamia pamoja, au ardhi kujimiliki

Huko Gwaii Haanas, eneo la hifadhi nchini Kanada, mkataba wa 1993 uliandika dai la umiliki la Wahaida, wenyeji wa asili wa huko, na lile la serikali sambamba, bila kuyapatanisha, ukaunda bodi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande, inayoamua kwa maafikiano. Na wakati wa kiangazi walinzi wa Kihaida hukaa penye vijiji vya kale, wakiwapokea wageni kando ya nguzo za kuchonga.

Te Urewera, eneo la misitu Nyuzilandi, ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya 2014 iliiondolea hadhi ya hifadhi ya taifa, ikaifanya nafsi ya kisheria (yenye haki kama mtu mbele ya sheria) inayojimiliki, na ikawapa Watuhoe, wenyeji wa asili wa hapo, haki ya kuteua wajumbe 6 kati ya 9 wa bodi yake baada ya miaka 3. Naipendelea njia hii, ingawa Wahaida walianza kulinda bila kusubiri sheria yoyote.